Kuwinda pronghoni kwa rivolva kwenye joto la Septemba, Wyoming

Nyanda za Wyoming, jimbo la magharibi mwa Marekani, mwezi Septemba hazina mti wa kujifichia. Alfajiri vidole vinakufa ganzi kwa baridi, saa nane mchana jua limepanda hadi nyuzi 28 au 30 na upepo umekupasua midomo. Humo ndimo anamoishi pronghoni, mnyama ambaye Wamarekani wenyewe humwita swala ingawa si swala hata kidogo. Jamaa zake wa karibu walio hai ni twiga na okapi. Ana mbio zinazofika kilomita 88 kwa saa, ganda la pembe linalopukutika kila mwaka, na macho makubwa yaliyokaa pembeni mwa kichwa hata anaona karibu pande zote bila kugeuza shingo.

Kwa bunduki ndefu, mtu humpiga yadi 200 au 300 (yadi ni pungufu kidogo ya mita) akaenda zake. Kwa rivolva, yaani bastola ya silinda inayozunguka, ni lazima umpate ndani ya yadi 75, na kwa watu wengi ndani ya 50. Hapo joto linakusaidia: madimbwi yakikauka, mnyama hana budi kuja kwenye maji machache yaliyobaki, na wewe unamngoja hapo. Lakini risasi ikishatoka, joto hilohilo linageuka. Nyama ya pronghoni ina sifa mbaya miongoni mwa wawindaji wengi, na mara nyingi kosa si la mnyama. Ni la mtu aliyemwacha juani na ngozi yake kwa saa tatu.

Karatasi kabla ya risasi

Kibali hutolewa na Wyoming Game and Fish Department, idara ya wanyamapori na samaki ya jimbo. Kwa asiye mkazi wa jimbo, maombi hufungwa mwanzoni mwa Juni na matokeo ya kura ya kugawa vibali hutoka mwezi huohuo. Kibali ni cha eneo moja lenye namba, si cha jimbo zima, na kuna cha mnyama yeyote na cha majike na wadogo pekee. Hiki cha pili ni cha bei nafuu na hupatikana kirahisi zaidi, na kwa mtu anayeanza na bastola ndicho cha busara. Dume mwenye pembe ndefu humtia mtu tamaa ya kufyatua mbali. Angalia pia hali ya eneo lenyewe: majira ya baridi ya 2022 hadi 2023 yaliua pronghoni wengi, hasa kusini-magharibi mwa jimbo, na vibali vikapunguzwa. Ushauri wa mwaka 2019 usiufuate kwa macho yaliyofumbwa.

Aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1966 au baadaye lazima awe na cheti cha mafunzo ya usalama wa uwindaji. Wakati wa msimu wa bunduki unavaa walau vazi moja la nje, kofia ikihesabika, la rangi ya chungwa au waridi inayong'aa. Masharti ya kipenyo na urefu wa risasi yamo kwenye kijitabu cha kanuni cha mwaka husika. Kisome, kwa sababu majimbo jirani hayafanani.

Kwa wenzetu wanaoishi Marekani bila uraia: mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa kumiliki silaha kisheria. Mwenye viza ya muda, iwe ya masomo, ya matembezi au ya kazi, sheria ya shirikisho inamkataza kushika silaha na hata risasi, isipokuwa aingie kwenye vighairi vichache, kimojawapo kikiwa ni kuwa na kibali halali cha uwindaji. Hilo si jambo la kuuliza kwenye kundi la WhatsApp, muulize mwanasheria. Asiye na karatasi kabisa asiiguse. Ukisafiri kwa ndege, bastola huwekwa tupu ndani ya sanduku gumu lenye kufuli na kutangazwa kaunta, na mashirika mengi huweka kikomo cha risasi paundi 11, yaani kilo 5. Na ieleweke kwamba haya yote ni ya huko huko. Kenya, kwa mfano, ilifunga uwindaji tangu 1977.

Ardhi ina mchanganyo wake. Sehemu za kusini, kandokando ya reli, zimegawanywa kama ubao wa drafti: kipande cha serikali, kipande cha mtu, kipande cha serikali. Tumia ramani ya simu inayoonyesha mipaka ya umiliki, na uipakue kabla, maana mtandao utakukimbia. Hori zuri la maji mara nyingi liko kwenye ranchi ya mtu. Nenda ukabishe hodi mwezi Julai, si usiku wa kuamkia msimu.

Rivolva na risasi zake

Chaguo la kawaida ni .44 Magnum yenye mtutu wa inchi 7.5. Kichwa cha risasi cha greni 240 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi) chenye tundu puani hutoka kwa kasi ya mita 410 hivi kwa sekunde. Pronghoni ni mwepesi, dume kubwa ni kilo 50 au 60, ngozi nyembamba na mbavu nyembamba. Kwa hiyo vichwa vizito vya risasi ngumu vya greni 300, vinavyosifiwa kwa dubu, havina faida hapa: vinapenya kama sindano na kutoka upande wa pili bila kupanuka. .41 Magnum na .45 Colt yenye nguvu zinafaa pia. .357 Magnum inaweza kazi kwa mtu mwenye mkono uliotulia na umbali wa chini ya yadi 50, ila haina nafasi ya makosa. .454 Casull ina nguvu ya ziada ambayo mnyama huyu haihitaji, na teke lake humfundisha mpigaji kuogopa triga.

Ukiiweka bastola ipige katikati kwenye yadi 75, risasi ya .44 itakuwa juu karibu sentimita 3 kwenye yadi 50, na chini karibu sentimita 8 kwenye yadi 100. Ukiiweka kwenye yadi 50, itashuka karibu sentimita 5 kwenye 75 na 14 kwenye 100. Haya ni makadirio; hakikisha kwa karatasi na bastola yako. Upepo usiusahau: ukivuma ubavuni kwa kilomita 16 kwa saa, ambao Wyoming ni upepo wa kupungia mkono tu, unasogeza risasi sentimita 10 hivi kwenye yadi 100. Kwenye yadi 40 huna haja hata ya kuuwaza. Ndiyo sababu nyingine ya kukaa karibu.

Joto lina vituko vyake kwenye silaha, na vingi havionekani mpaka siku yenyewe.

Risasi zilizoachwa kwenye dashibodi ya gari lililofungwa juani zinapata joto la nyuzi 60 na zaidi. Baruti ikichemka namna hiyo, mgandamizo unapanda, risasi hupiga mahali tofauti na ulivyozoea, na ganda hunasa kwenye silinda hata likatolewa kwa kugongwa. Zibebe kwenye mfuko wa ndani wa begi, kivulini. Usizitie kwenye deli la barafu pia, umande utazilowanisha.

Kuna pia kichwa cha risasi kuchomoka. Kila mlio unaivuta risasi iliyobaki kwenye silinda kana kwamba unaichomoa kwa nyundo, na ikiwa ganda halijabanwa vizuri, kichwa kinasogea mbele kidogo kidogo mpaka kinajitokeza nje ya silinda na kuifunga isizunguke. Jaribu kabla: tia sita, piga tano, toa ya sita uilinganishe na mpya kutoka kwenye boksi. Ikiwa imerefuka, aina hiyo ya risasi haifai kwenye bastola hiyo.

Vumbi na chembe za baruti ambazo hazikuungua hupenda kuingia chini ya nyota ya kutolea maganda, kwenye rivolva ya silinda inayofunguka ubavuni. Chembe moja tu yatosha kuifanya silinda ikaze. Mswaki wa zamani, piga chini ya nyota mara mbili, umemaliza. Mafuta yawe kidogo sana. Mafuta mengi na vumbi la Wyoming hutengeneza uji wa mchanga. Jasho nalo hula chuma cheusi kwa usiku mmoja, kwa hiyo kila jioni pitisha kitambaa chenye mafuta mepesi nje ya mtutu na silinda.

Nafasi ndogo iliyo kati ya silinda na mtutu hurusha gesi ya moto pande zote mbili pamoja na vipande vya risasi. Kidole kilichosogea mbele kinakatwa. Kitambaa cha kibanda cha kujifichia, kamba ya darubini, begi uliloegemea: vyote vikae nyuma ya hapo au mbali.

Kama bastola yako ni ya kampuni ya Ruger, ya zamani, ya kuvuta nyundo kwa kidole kabla ya kila mlio, iliyotengenezwa kabla ya 1973 na haijabadilishwa, beba risasi tano na nyundo ikae juu ya tundu tupu. Ikianguka chini ikiwa na sita inaweza kufyatuka yenyewe. Za baada ya hapo zina kizuizi cha ndani, na sita si tatizo.

Kuhusu vilengeo: kilengeo cha kioo chenye nukta nyekundu ndicho rahisi kwa macho ya mtu aliyepita miaka arobaini, ila jua kali huifuta nukta. Ongeza mwanga wake ukiwa nje, si kivulini, na ujue kama kinajizima chenyewe baada ya muda, maana utakaa saa tano ukingoja. Kwa vilengeo vya chuma, jua likipiga ubavu wa kilengeo cha mbele, upande huo unang'aa na jicho linauchukua kuwa ndio katikati; risasi zinakwenda upande ulio kinyume na jua. Dawa yake ni ya bei ya kiberiti: washa, pitisha moshi wake kwenye kilengeo mpaka kiwe cheusi tii.

Kipimo cha sahani

Moyo na mapafu ya pronghoni vinaenea kama sentimita 20, sawa na sahani ya karatasi ya chakula. Wewe tumia ya sentimita 15, ili hofu ya siku yenyewe ipate mahali pa kukaa.

Tembea haraka mita 200 juani. Keti chini, mgongo kwenye begi, magoti juu, mikono imepita ndani ya magoti au imekaa juu ya fimbo za kuegemea. Piga sita kwenye sahani, kutoka umbali unaoupima, bila kufuta jasho wala kupumzika. Zikiingia zote sita kwenye sahani, umbali huo ni wako. Ikitoka moja, sogea mbele yadi 10 uanze upya. Wengi hukomea yadi 40 au 50, na hakuna aibu hapo. Tano kati ya sita si alama nzuri kwenye mtihani huu. Ya sita ni mnyama anayekimbia na tumbo lililotoboka.

Usipige zaidi ya risasi 25 au 30 za nguvu kamili kwa kikao kimoja. Baada ya hapo mwili unaanza kujikunja kabla ya mlio na unajifunza ubaya. Ukitaka kuiona hofu hiyo kwa macho, mpe mwenzako bastola aweke risasi hai mbili tu kati ya matundu sita bila wewe kujua zilipo. Nyundo ikiangukia tundu tupu na mtutu ukainama, umejiona. Mazoezi ya kufyatua bila risasi, mara ishirini kila jioni huku umekodolea swichi ya taa ukutani, yanaondoa hali hiyo kuliko maboksi matano ya risasi. Hakikisha mara mbili kuwa ni tupu, na risasi ziwe chumba kingine.

Masikio: .44 Magnum inaua uwezo wa kusikia kwa mlio mmoja, na ndani ya kibanda ni mbaya maradufu. Vaa vizibo vya umeme vinavyopitisha sauti ndogo na kuzima kubwa, tangu unapokaa. Usiseme utavivaa mnyama akija. Akija hutathubutu kusogeza mkono.

Kuotea kwenye maji

Tafuta maji machache, siyo mengi. Hori moja la ng'ombe chini ya pampu ya upepo, kukiwa hakuna jingine kwa kilomita tatu, lina thamani kuliko bwawa kubwa lenye kingo ndefu. Soma matope: nyayo za pronghoni zina umbo la moyo lenye ncha kali mbele, hazina zile alama mbili za kwato ndogo za nyuma ambazo kulungu huziacha, kwa sababu pronghoni hana kwato hizo. Kinyesi kibichi na nyayo zilizokatiza juu ya za jana, hapo pana wateja. Mvua moja ikinyesha na kuacha vidimbwi, mpango umekufa kwa siku tatu au nne. Usikae hapo kwa ukaidi. Hamia kwenye kunyemelea.

Kibanda cha turubai kiwekwe siku kadhaa kabla, kama mwenye ardhi anakubali. Pronghoni akikiona kwa mara ya kwanza atasimama mita 200 akikikazia macho, kisha ataondoka. Kipigilie kwa vigingi virefu na kamba pande zote nne, na ndani weka mawe pembeni, kwa sababu upepo wa huko hukikunja kibanda kama mwavuli. Kiwe yadi 25 hadi 35 kutoka pale wanaponywea, na kwa pembe ambayo anayekunywa atakuonyesha ubavu. Jua liwe mgongoni kwako saa nne hadi saa nane, maana ndio katikati ya muda wao. Wakati wa joto wanakuja mchana kweupe kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri.

Fungua dirisha la upande wa kupigia peke yake. Ukifungua na la nyuma kwa ajili ya hewa, kivuli chako kinasimama wazi kama picha. Ndani vaa nguo nyeusi, pamoja na rangi ya chungwa inayotakiwa. Rangi hiyo haimshtui, kinachomshtua ni mwendo. Joto la ndani litapita la nje, kwa hiyo lita 5 za maji kwa siku kwa kila mtu, na kitu chenye chumvi. Kichwa kikianza kuuma na jasho likakatika, toka. Kwenye mwinuko wa mita 1,500 na zaidi mtu huishiwa maji kabla ya kusikia kiu. Kabla ya kukaa, piga sakafu na fimbo. Nyoka wenye njuga mkiani hupenda kivuli cha kibanda kama wewe.

Wakifika, usifanye lolote. Watasimama, watarudi nyuma, watakuja tena, mmoja atakanyaga maji na kuruka kama aliyeungua. Wawindaji wengi huharibu hapa kwa kunyanyua mkono mapema. Ngoja kichwa kizame, anywe mafunda matatu manne, kisha ndipo uvute nyundo. Mlio wa nyundo anausikia. Akiinua kichwa, tulia, atainama tena.

Kabla ya triga, angalia nyuma yake. Mnyama wa pili aliyejipanga nyuma ya wa kwanza ndilo kosa la kawaida kuliko yote kwenye maji, kwa sababu risasi ya .44 inatoka upande wa pili ikiwa na nguvu na wewe una kibali cha mmoja. Ngoja wajitenge. Angalia pia hori lenyewe, pampu na ng'ombe. Tundu kwenye hori la mfugaji linafunga geti lake kwa wawindaji wote watakaokufuata. Nyuma pawe na udongo unaopanda. Risasi iliyokosa kwenye uwanda tambarare inasafiri zaidi ya kilomita moja na nusu.

Pasipo na maji ya kuotea

Pronghoni hapendi kuruka waya. Anapita chini yake, na sehemu zake za kupitia unazijua kwa nywele nyeupe zilizonasa kwenye waya wa chini na kijia kilichochimbika. Kaa kwenye mkondo mkavu yadi 30 au 40 pembeni, upepo usoni, na umwache mtu mwingine apite mbali, mbali sana, upande wa pili. Usimfukuze, kundi likifukuzwa linapita kwa mbio, na mnyama anayekimbia hapigwi kwa rivolva.

Kunyemelea kunataka makorongo. Mtazame kwa darubini mpaka alale chini kucheua mchana, kisha zunguka kwenye bonde, umalizie kwa tumbo. Vaa vikinga magoti, maana ardhi imejaa dungusi zenye miiba. Bastola iwe kwenye ala ya kifuani, siyo ya kiunoni. Ya kiunoni inakusanya mchanga mtutuni unapotambaa. Wakati wa kupandana, kuanzia katikati ya Septemba, dume hulijia sanamu la pronghoni kwa hasira hadi yadi chache. Inafanya kazi, ila kwenye ardhi ya umma msimu wa bunduki usitambae nyuma ya sanamu la mnyama anayewindwa. Fikiria mwenyewe mtu wa upande wa pili anaona nini.

Pa kupiga

Akiwa ubavu: fuata ukingo wa nyuma wa mguu wa mbele kwenda juu, theluthi moja ya kimo cha kifua kutoka kidari. Akiwa amegeuka kidogo kukupa nyuma: lenga ili risasi itokee bega la mbele la upande wa pili. Akikutazama uso kwa uso, au akikupa mkia, acha.

Baada ya mlio vuta nyundo tena na usimwondolee macho. Aliyepigwa vizuri hukimbia mita 50 hadi 150 kisha huyumba. Akijikunja mgongo na kuondoka polepole, risasi imekwenda nyuma, kwenye tumbo. Kwenye misitu watu humwacha saa nyingi. Hapa uwanda uko wazi, mfuate kwa darubini mpaka alale, kisha mkaribie kwa kificho upige ya pili. Kumwacha mpaka jioni kwenye nyuzi 28 ni kuipoteza nyama hata ukimpata.

Kwa Mwislamu: bismillahi husemwa wakati wa kufyatua, na kisu kikali kiwe kiunoni kwa sababu ukimkuta yu hai unatakiwa kumchinja. Lakini mkaribie kutoka mgongoni, na ukiona bado ana nguvu mwongezee risasi kwanza. Kwato zake zinapasua.

Saa moja ya kwanza

Jaza kuponi ya kibali, tarehe na sahihi, kabla ya kumsogeza. Kisha kazi ianze, na picha ziwe dakika mbili.

Nywele za pronghoni zina uwazi ndani. Wakati wa baridi kali ni blanketi lake, na akishakufa ni blanketi lilelile juu ya mwili wenye nyuzi 38. Kumtoa matumbo tu haitoshi. Ngozi lazima itoke papo hapo. Mvute kivulini, hata kivuli cha gari. Toboa ngozi, kisha geuza kisu makali yaangalie juu ukate kutoka ndani kwenda nje. Ukikata kutoka nje unakata nywele, na nywele hizo hung'oka kwa mashada na kushika nyama kiasi kwamba utaziokota mpaka Krismasi. Mkono uliogusa shavu la dume au manyoya ya matakoni usiguse nyama kabla hujaunawa, maana huko ndiko kuna tezi zenye harufu. Vaa glovu, ubadilishe.

Utumbo ukitoboka, usimwage maji juu ya nyama yote. Kata sehemu iliyochafuka uitupe, futa kwa kitambaa kikavu. Tenga mapaja mawili na mikono miwili ikiwa na mifupa yake, toa sarara mbili za mgongoni na mbili za ndani, kisha shingo na mbavu. Acha alama ya jinsia imeshikamana na paja moja. Askari wa wanyamapori akikusimamisha barabarani ataitafuta.

Watu hukimbilia kutoa mifupa palepale ili nyama ipoe haraka. Kwa nyati sawa. Kwa mnyama mdogo hivi, paja lisilo na ngozi linapoa vizuri na mfupa wake, na mfupa unazuia misuli kujivuta ikiwekwa kwenye barafu kabla haijakakamaa. Nyama iliyotolewa mfupa ikiwa ya moto na kutiwa barafu palepale huwa ngumu kama soli.

Andaa madeli mawili na kilo 20 za barafu kwa mnyama mmoja, nusu yake ikiwa maji yaliyogandishwa kwenye chupa. Chupa hazilowanishi nyama. Funga vipande kwenye mifuko ya pamba inayopitisha hewa, uviache dakika 20 kwenye upepo kivulini vitoe mvuke na kupata ngozi kavu juu, nzi wakizuiliwa na mfuko, ndipo viingie. Usitumie mifuko ya plastiki ya takataka. Inafungia joto ndani, na mingine imetiwa dawa. Tundu la chini la deli liwe wazi na gari liinamie upande huo, damu na maji vitoke. Kutoka Casper hadi Denver ni kilomita 450 hivi, saa nne za barabara. Simama njiani mara moja ukague barafu.

Nyumbani, nyama ikae kwenye friji kati ya nyuzi 1 na 4 kwa siku tatu hadi tano kabla ya kukatwa, juu ya waya siyo kwenye sinia lenye maji yake. Dume la kilo 50 hutoa karibu kilo 18 za nyama tupu. Sarara zikatwe nene na kupita kwenye moto mkali dakika chache tu. Mikono na shingo ndizo za sufuria, ukipenda kwa nazi.